Kabla ya kuwapeleka wanafunzi Vumawimbi na Ngezi kwa siku moja

Mwalimu wa Pemba anayetaka wanafunzi wake walinganishe pwani na msitu wa mvua hahitaji safari mbili, kwa kuwa barabara itokayo Konde kuelekea rasi ya Kigomasha hupita ndani ya msitu wa Ngezi kabla ya kufika kwenye mchanga wa Vumawimbi. Ukaribu huo ndio unaotufanya wengi wetu tujiandae kana kwamba tunakwenda mahali pamoja.

La kwanza ni maji. Mwaka mmoja niliwafikisha watoto ufukweni saa tisa alasiri, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nayo yakikaribia kujaa, na kila nilichowaahidi kilikuwa kimefunikwa. Katika pwani zetu, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha wakati huo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Kwa hiyo tarehe ya safari ichaguliwe kwa kutazama mwezi kwanza, ikathibitishwe kwa wavuvi na kwa akina mama wanaochokoa pweza, halafu ndipo iombewe ruhusa shuleni. Fikeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na msitu muuache kwa mchana, wakati watoto wanapohitaji kivuli.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mimi huiepuka kwa sababu ya matope na mbu.

Pili, amueni kabla ya kuondoka mtakachopima, kwani hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Ufukweni, kinachotenga viumbe ni muda ambao kila mahali hukaa bila maji, na tofauti hizo huonekana kwa kutembea: tandazeni kamba yenye fundo kila baada ya mita tano, kutoka kwenye mivinje hadi ukingo wa maji, na kila fundo liandikiwe kilichopo. Msituni, kinachotenga ni mwanga, kwa hiyo mtoto aliyezoea kutazama chini afundishwe kutazama juu, aanze na miche iliyo gizani, apande kwa macho hadi kwenye mipapindi, yaani mitende ya Pemba, na kuishia kwenye vilele vya mivule. Kipimajoto kiwe kimoja kwa sehemu zote mbili, kisomwe kivulini. Na udongo ufinyangwe kwa mkono, maana mchanga utamwagika kati ya vidole ilhali ule wa Ngezi utabaki donge, wenye harufu ya majani yaliyooza. Mkipata mchu kwenye mikoko, kila mtoto aguse jani lake kwa ncha ya ulimi. Ataonja chumvi ambayo mti umeitoa wenyewe, na nimeona watoto wasiopenda sayansi wakirudi kuomba jani la pili.

Mavazi hayafanani. Pwani panahitaji viatu vya kuingia majini, vyenye soli ngumu, kwa ajili ya miiba ya fuma na mawe makali, pamoja na kofia na maji ya kunywa ya kutosha. Msitu unahitaji mikono mirefu, soksi na viatu vya kufunika, kwa ajili ya mbu na upupu. Nguo za kubadili zitiwe kwenye mfuko usiopenya maji, la sivyo watoto wataingia Ngezi wakiwa wamelowa.

Ruhusa ya msitu na mtembezaji viombwe mapema, na sheha ajulishwe. Barua kwa wazazi itaje saa ya kurudi kwa uwazi, kwa sababu popo wa Pemba, ambaye haishi popote duniani ila kisiwani humu, huruka kwenda kula wakati wa magharibi, jua likizama, na watoto wakishasikia habari zake hawatakubali kuondoka kabla hawajamwona.