VM imegoma kuhama kwenda seva nyingine? Anza kuangalia hapa

Wakuu, hii ni kwa wale wanaoendesha VM (kompyuta ya kubuni inayokaa ndani ya seva) kwa KVM ya Linux, iwe kwa virsh (amri za libvirt, programu inayosimamia VM) au kwa Proxmox (mfumo mzima wa kusimamia VM), maana ndiko nilikozoea na ndiko wengi wanakohamia tangu Broadcom wainunue VMware, kampuni ya programu za VM, mwaka 2023 na mambo ya leseni yakabadilika. Una seva mbili, unaagiza VM ihame ikiwa inawaka, inafika asilimia fulani inakata, au inagoma palepale, na humo ndani kuna kazi za watu. Usianze kubadilisha settings ovyo.

Kwanza kabisa soma logi ya seva INAYOPOKEA. Wengi wanasoma ujumbe wa upande unaotuma tu, na ule mara nyingi unasema muunganisho umekatika basi, wakati sababu yenyewe imeandikwa upande wa pili. Kwa libvirt ingia /var/log/libvirt/qemu/ utakuta faili lenye jina la VM yako, angalia mistari ya mwisho. Kwa Proxmox fungua logi ya ile task yenyewe, halafu kwenye seva inayopokea piga journalctl (logi ya mfumo) ya dakika zilezile.

Ukiona "missing features" ujue ni prosesa. VM ikiwaka inaambiwa prosesa yako ina uwezo huu na huu, programu za ndani zinaanza kuutumia, sasa huwezi kuipeleka katikati ya safari kwenye prosesa isiyo na uwezo huo, libvirt inakataa na iko sahihi kukataa. Hii inawapata sana waliochagua aina ya prosesa "host" au "host-passthrough" kwa sababu inakimbia vizuri, halafu seva ya pili ni ya zamani kidogo. Na hata prosesa zikiwa za aina moja kabisa bado inaweza kutokea: seva moja imepata apdeti ya microcode (programu ndogo ya ndani ya prosesa) na nyingine bado, unakuta hle na rtm zimepotea upande mmoja, maana hizo ni sehemu za TSX, uwezo ambao Intel waliuzima kwenye prosesa nyingi kwa njia hiyo. Kwa hiyo linganisha apdeti na settings za BIOS kabla hujalaumu kitu kingine.

Dawa yake ni kushusha VM kwenye aina ya prosesa ambayo seva zote mbili zinaiweza. Kwenye Proxmox 8 kuna x86-64-v2-AES ambayo ndiyo inakuja yenyewe ukitengeneza VM mpya, inatosha kwa kazi nyingi. Kwa libvirt toa "virsh domcapabilities" kwenye kila seva, weka yote kwenye faili moja, kisha "virsh hypervisor-cpu-baseline" itakuchagulia. Ukishabadilisha lazima VM uizime kabisa ndo uiwashe, kurestati ukiwa ndani ya Windows au Linux haisaidii kwa sababu mchakato wa QEMU, programu inayoiendesha VM kwenye seva, ni uleule wa mwanzo. Na kama ni kutoka Intel kwenda AMD, nakushauri kwa moyo wote zima VM, hamisha, washa. Inaweza ikahama ikiwa inawaka na ikaonekana nzima, halafu ikaganda baadaye ukiwa umeshaondoka ofisini.

Prosesa ikiwa sawa nenda kwenye mtandao. Mimi hapa niliwahi kupoteza saa tatu nzima kwa sababu SSH kati ya seva ilikuwa inaingia vizuri, nikajiaminisha mtandao hauna shida, kumbe kwa libvirt SSH inabeba maagizo tu, memori ya VM inapita kwenye poti zingine, 49152 hadi 49215. Fayawoli ya seva inayopokea ilikuwa imezifunga, na ujumbe ulisema "No route to host" nikawa natafuta tatizo kwenye swichi. Fungua poti hizo kwa IP ya seva mwenzake tu, usizifungulie dunia nzima. Ukiona "Unable to resolve address" basi seva inayotuma haijui jina la mwenzake, weka majina yote mawili kwenye /etc/hosts kwa IP halisi, au taja IP moja kwa moja kwa --migrateuri tcp:// ukifuatisha IP. Kuna na hii ya "Attempt to migrate guest to the same host", inatokea ukiwa umekloni seva ikabaki na hostname ileile, au mazabodi mbili zimetoka kiwandani na UUID moja. Badilisha hostname, au weka host_uuid mpya kwenye libvirtd.conf kisha urestati huduma.

Kwenye diski, la kwanza ni ISO. Umesahau ISO ya kuinstolia kwenye CD ya VM, seva ya pili haina hilo faili, inagoma, itoe tu. Vifaa vya PCI au USB vilivyochomekwa kwenye VM navyo vitoe. Kama storeji ni ya pamoja hakikisha njia ya faili inafanana pande zote herufi kwa herufi, na kama kila seva ina diski zake tumia --copy-storage-all, ila tengeneza kwanza diski tupu upande wa pili yenye ukubwa uleule ambao "qemu-img info" inauonyesha, ule virtual size, usiangalie nafasi ambayo faili limekula. Ukiambiwa "Unsafe migration" usikimbilie --unsafe, tafadhali sana. Ule ujumbe unasema cache ya diski (hifadhi ya muda kwenye memori ya seva) imewekwa namna ambayo data inaweza kuharibika. Zima VM, weka cache=none, washa, hamisha tena.

Halafu kuna ile ya kwenda bila kumaliza. Hapa ni hesabu tu: laini ya 1 Gbps inakupa kama MB 110 kwa sekunde, VM ya GB 16 inachukua kama dakika mbili na nusu, lakini kama ndani kuna database inayobadilisha memori kwa kasi kuliko hiyo, kila ukikopi inachafuka tena na hutamaliza hata ukikesha. Jaribu --auto-converge, inapunguza mwendo wa prosesa ya VM ili kukopi kuwahi. --postcopy pamoja na --postcopy-after-precopy inamaliza kweli, maana VM inawaka upande wa pili kabla memori haijaisha kuhama, ila mtandao au umeme ukikata katikati VM inaweza kufa, maana memori inakuwa nusu huku nusu kule, kwa hiyo kama swichi yako haipo kwenye UPS usiitumie. Kinachosaidia zaidi ni kebo ya 10 Gbps ya moja kwa moja kati ya seva mbili, au kufanya usiku.

Kwa wanaotoka VMware, Windows ikileta skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni draiva za VirtIO (vifaa vya kubuni ambavyo KVM inaipa VM) hazipo. Iwashe kwa diski ya SATA, ongeza diski ndogo ya VirtIO, instolia draiva, zima, kisha geuza diski kubwa iwe VirtIO. Isipoonyesha hata dalili ya kuwaka angalia kama ilikuwa UEFI ukaiwekea BIOS. Linux ikiwaka bila mtandao mara nyingi kadi imebadilika jina, ilikuwa ens192 sasa ni ens18, rekebisha kwenye netplan (settings za mtandao za Ubuntu).

Ikishahama bado kuna mawili. Kwa virsh, kama hukuweka --persistent VM itafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku itakayozimwa, hapo itapotea kwenye orodha ya seva mpya. Na kama hukuweka --undefinesource, jina lake limebaki kwenye seva ya zamani, na kama ilikuwa na autostart (kuwashwa yenyewe seva ikiwaka) na diski ni ya pamoja, siku seva ile ikirestati itajaribu kuiwasha tena, VM mbili zinaweza kuandika kwenye diski moja na mafaili yakaharibika. Kwa hiyo kabla hujatoka piga "virsh autostart --disable" kwenye seva ya zamani, halafu "virsh list --all" pande zote mbili uone kwa macho.