Seva ya zamani haioni diski? Uliza kwanza ni nani hasa haioni

Wadau, juzi jamaa kanipigia saa nne usiku, ana Dell R710 ya mtumba kaichukua kwa ajili ya ofisi, ananiambia fundi seva haioni diski, nishanunua zingine mbili na zenyewe haizioni, nifanyeje. Nikamuuliza, nani haioni? Kimya. Nikamuuliza tena, ni taa haziwaki, ni kontrola haizioni, au ni Linux haizioni? Akasema sasa fundi si yote mamoja tu.

Siyo yote mamoja bana, na hapo ndo watu wanapochoma hela. Kwenye kompyuta ya kawaida diski inachomekwa kwenye mazabodi, mfumo unaiona, basi. Kwenye seva hizi za kuanzia 2009 hivi, diski inaingia kwenye trei, trei inachomekwa kwenye ubao wa nyuma, ubao unaenda kwa kebo mpaka kadi ya RAID, yaani ile kontrola inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kadi ndo inaamua imwonyeshe nini Windows au Linux. Kwa hiyo diski inaweza ikawa nzima kabisa, inazunguka, taa ya kijani, na bado mfumo usione kitu. Kazi yako ni kujua imepotelea kituo gani, na mpaka hujajua usinunue chochote.

Mi naongelea R710 kwa sababu ndo nimezishika sana na huku mtaani bado zipo kibao, ila ukiwa na HP DL380 G7 mambo ni yaleyale, tofauti, kuingia menyu ya kadi ya RAID unabonyeza F8 pale kadi ya P410i inapojitambulisha badala ya Ctrl+R ya Dell.

Anza na macho na masikio. Washa seva, angalia taa za trei, weka kidole kwenye diski usikie kama inatetemeka. Kama moja tu imekufa ganzi, ihamishie sloti ya jirani ambayo unajua inafanya kazi. Ikiwaka huko basi tatizo ni sloti, isipowaka tatizo ni diski au trei. Hii ya trei usiidharau. Trei za Dell za inchi 3.5 zina matundu ya skrubu seti mbili, maana zamani diski za SATA (aina ileile ya kompyuta za kawaida) zilikuwa zinafungwa na kakibao kadogo kwa nyuma ndo zinachomekwa, sasa wewe umenunua trei tupu, kakibao hakuna, ukafunga skrubu kwenye matundu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kakibao, diski inabaki nyuma kidogo, trei inafunga vizuri na inalia kabisa ka! unajua imeingia, kumbe haijagusa plagi. Nilishawahi kukaa na hii kitu nusu siku nzima nalaumu diski. Toa trei, iangalie kwa ubavu, plagi ya diski inatakiwa ilingane na mwisho wa trei, kama imezama ndani hamisha skrubu.

Na kama umechukua diski ya SATA uliyoibandua kwenye hardi diski ya nje ya USB, baadhi ya hizo zina mchezo wa umeme wa volti 3.3, pini ya tatu kwenye plagi ya umeme ikipata volti hizo diski inakataa kuwaka. Dawa yake watu wanafunika pini tatu za kwanza kwa kipande cha tepu isiyopitisha umeme, ile ya rangi ya kahawia inayovumilia joto. Ila hii usikimbilie, hakikisha kwanza diski inawaka kwenye kompyuta nyingine na hapo kwenye seva haiwaki.

Sasa ikiwa zimepotea nyingi kwa mpigo, hapo kaa chini ufikirie. Diski nne hazifi usiku mmoja, labda radi imepiga. Kebo moja ya SAS (muunganisho wa diski za seva) ndani ya seva hizi inabeba njia nne, yaani diski nne, ndo maana ukikuta sloti 0 mpaka 3 zote hazipo halafu 4 na kuendelea zipo, hiyo ni kebo. Zima seva, chomoa na waya za umeme zote mbili, fungua mfuniko, bonyeza kile kiklipu cha chuma cha kebo, itoe, irudishe mpaka usikie imekamata. Huku pwani chumvi na unyevu vinakula shaba kimyakimya, mi huwa natoa na kadi yenyewe ya RAID nafuta meno yake kwa kitambaa chenye spiriti ile ya kusafishia vifaa, nasubiri ikauke ndo narudisha. Ukiona zote zimepotea pamoja na menyu ya kadi yenyewe haitokei wakati wa kuwaka, basi tatizo ni kadi, ama haijakaa vizuri kwenye sloti yake ama imekufa.

Hayo ya chuma yakiisha ndo unaingia kwenye menyu ya kontrola, na huku ndo kesi nyingi zinaishia. Seva ikiwa inawaka utaona maandishi ya PERC (jina la kadi za RAID za Dell), bonyeza Ctrl+R haraka maana haisubiri. Ukishaingia, Ctrl+N inakupeleka kurasa za mbele, tafuta ukurasa ulioandikwa PD Mgmt, PD ni diski halisi. Hapo kuna orodha ya diski zote ambazo kadi inaziona kwa chuma, hata kama hazijatumika.

Diski ipo kwenye PD Mgmt na imeandikwa Ready? Basi pongezi, huna tatizo. Kadi za PERC 6/i na H700 hazipitishi diski mbichi kwenda kwa mfumo, hazina hiyo kitu kabisa, lazima uitengenezee diski pepe ndo Linux au Windows wataona. Rudi VD Mgmt (VD ndo hiyo diski pepe), simama juu ya jina la kadi, F2, Create New VD, chagua RAID unayotaka. Kama unataka kila diski isimame peke yake tengeneza RAID 0 ya diski moja moja. Huyu jamaa wa saa nne usiku ndo ilikuwa hivi! Diski zake zote nne zilikuwa Ready zinamsubiri, kanunua mbili bure.

Imeandikwa Foreign? Hapo punguza mwendo. Maana yake diski ina kumbukumbu za RAID ya seva nyingine, au ya seva hiyohiyo ila kadi imebadilishwa. F2 kwenye jina la kadi, Foreign Config, unapewa Import na Clear. Kama kuna data unaitaka ni Import, na hakikisha diski zote za kundi lile zimechomekwa kabla hujabonyeza. Clear inafuta zile kumbukumbu za RAID, ni sawa tu kwa diski za mtumba ambazo huna shida na kilichomo. Mi nilishabonyeza Clear kwenye diski za watu kwa sababu nilikuwa na haraka nataka kwenda kula, ikabidi nitengeneze upya VD yenye mpangilio uleule bila kugusa Initialize, nikaomba Mungu, ikarudi. Jasho lililonitoka siku ile sisemi. Usifanye hivyo, na Initialize usiiguse kabisa kama unataka data.

Kuna ingine inatokea sana kwetu kwa sababu ya umeme wetu huu. Umeme unakatika, UPS ilishakufa tangu mwaka juzi, ukirudi seva inasimama inakwambia kuna diski pepe hazipo na kuna preserved cache. Yaani kadi imebaki na data mkononi ambayo haijaandikwa, inaulizia diski ziko wapi. Watu wanaona kero wanaitupa ile cache ili seva iwake. Usitupe, zima kwanza, kaza kebo na trei, washa tena, diski zikirudi kadi inaandika yenyewe. Usikae siku nyingi pia, maana kwenye PERC 6/i kinachoishikilia ni batri, na batri ya miaka yote hiyo unaijua mwenyewe.

Diski haipo kabisa PD Mgmt lakini inawaka? Au ipo ila size imepungua, umeweka 4 TB inasoma 2? Hiyo ni PERC 6/i. Kadi hiyo mwisho wake ni 2 TB kwa diski moja, namba zake za kuhesabia vipande vya diski zinaishia hapo, na hakuna update itakayokuokoa. Kadi ya SAS 6/iR nayo hivyohivyo. Suluhisho ni kubadili kadi uweke H700, ila agiza na kebo zake maana za PERC 6/i haziingii, watu wananunua kadi inafika wanabaki wanaitazama. Na ukipata H700 iangalie programu yake ya ndani ni ya lini, zilipotoka 2010 zilikuwa zinakataa diski zisizokuwa za Dell wenyewe, wateja wakapiga kelele, mwaka huohuo wakalegeza kwa update.

Haya, kontrola inaona, VD ipo, mfumo bado hauoni. Kama ni Windows na umeshaingia, fungua Disk Management, mara nyingi diski ipo pale imekaa Offline, kliki ya kulia Online kisha Initialize, na ikiwa zaidi ya 2 TB chagua GPT. Initialize hii ni ya diski mpya tu, kama ina data acha.

Kama ni Linux andika lspci | grep -i raid uone kadi ipo, halafu dmesg | grep -i megaraid uone kama draiva yake imeamka. Kadi ipo kwenye lspci ila lsblk (orodha ya diski) ni tupu, basi ni draiva. Hii iliwakamata wengi RHEL 8 (Linux ya Red Hat) ilipotoka 2019, waliondoa draiva za kadi za zamani ikiwemo PERC 6/i, unaanza kuinstoli inakwambia hakuna diski wakati Ctrl+R zote ziko fresh. Ama uchukue draiva za ELRepo (hazina ya draiva za ziada za RHEL) ama uweke Debian, Linux nyingine, mi naweka Debian maisha yaendelee.

Mwisho ni hizi diski za SAS za bei ya kutupwa zilizotoka kwenye mashine kubwa za kuhifadhia data. Nyingi zimefomatiwa vipande vya baiti 520 badala ya 512. Kadi ya RAID inaikataa au haiionyeshi, ukiiweka kwenye kadi ya kawaida isiyo ya RAID dmesg inakwambia waziwazi Unsupported sector size 520. Itafute namba yake kwa lsscsi -g kisha sg_format --format --size=512 /dev/sg2, badala ya sg2 weka yako na uihakikishe mara mbili, maana inafuta kila kitu. Inachukua masaa, usikate umeme katikati, kwa hiyo siyo kazi ya kufanya siku ya mgao.

Ikimaliza irudishe kwenye seva, tengeneza VD, halafu ipime afya kwa smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda, hiyo 0 ni namba ya diski kwenye kadi. Ukiona kwenye grown defect list (sehemu mbovu zilizoongezeka kwenye diski) mamia ya makosa na namba inapanda kila ukirudia, usihangaike nayo tena. Ifungue utoe zile sumaku mbili za ndani, mi ninazo kwenye benchi zinashika skrubu zote za trei.