Misukosuko ya viwanda vya kwanza Uingereza: namna ya kuifundisha kwa dakika 80

Mada hii huenea vipindi viwili vilivyofuatana, hata darasa likiwa na wanafunzi zaidi ya 50 kama ilivyo katika shule nyingi za Nairobi. Tafuta sweta kuukuu kutoka Gikomba, makasi, chaki na karatasi moja ya manila.

Anza na sweta, usianze na sheria. Kata kipande cha upana wa kiganja, wanafunzi wavute uzi wa pembeni. Kitafumuka mikononi mwao. Soksi za bei ya chini zilizofumwa Nottinghamshire zilikuwa na kasoro hiyohiyo: kitambaa kipana kilikatwa kikashonwa, badala ya soksi kufumwa kwa umbo lake. Mafundi walioanza kuvunja mashine mwaka 1811 kwa jina la Ned Ludd, kiongozi wa kubuni, walipinga kazi hiyo mbovu, ujira ulioshuka, na kuajiriwa kwa vijana wasiopitia uanagenzi. Mashine za kufuma soksi zilikuwapo tangu 1589, na wao ndio waliozitumia kila siku. Kwa hiyo mwanafunzi akijibu “waliogopa mashine”, msahihishe papo hapo; kosa hili limezoeleka mno.

Watauliza kwa nini hawakuunda chama. Sheria za 1799 na 1800 zilivipiga marufuku vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1812 Bunge likaongeza adhabu ya kifo kwa anayevunja mashine.

Sasa ingia kwenye mkate. Sheria ya 1815 ilizuia ngano ya nje kuuzwa nchini mpaka ya ndani ifikie shilingi 80 kwa kota. Kota ni kama kilo 218, karibu magunia mawili na nusu ya kilo 90. Shilingi 80 zilikuwa pauni 4. Usipoandika hesabu hii ubaoni, watawaza shilingi ya Kenya na hawataona ukali wa bei.

Bunge lenyewe lilijaa wenye mashamba. Chora miraba miwili sakafuni. Wa kwanza ni Old Sarum, jimbo la uchaguzi lililokuwa karibu tupu bila wakazi: uwekee viti viwili vya wabunge. Wa pili ni Manchester, mji mkubwa wa viwanda: darasa zima lisimame humo, bila kiti hata kimoja. Wakiwa bado wamebanana, wasomee habari za 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walipokusanyika uwanja wa St Peter's Field mjini humo kudai uwakilishi, wakavamiwa na askari wa farasi wenye panga. Mjadala ukigeukia maandamano ya Nairobi, uruhusu, ila uandike hoja hizo upande wa pili wa ubao ili sababu zisichanganyike.

Mageuzi ya Bunge ya 1832 yaliipa Manchester viti viwili. Wafanyakazi wengi bado hawakupata kura. Malizia na sheria ya viwanda ya 1833: watoto wa miaka 9 hadi 12 wasizidi saa 48 kwa wiki katika viwanda vya nguo, na wakaguzi wanne tu nchi nzima. Chora ramani ya Uingereza kwenye manila, wanafunzi wawagawe wakaguzi hao wanne.