Breki za trela mlimani: kupanda, kushuka na kurudi nyuma

Mwongozo huu ni wa trela ndogo zenye breki za msukumo, zisizotegemea umeme wala hewa kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma. Fimbo ya kiungio (sehemu inayounga trela na gari) huingia ndani, huvuta kebo, na kebo hutanua shuu (vibao vya breki) ndani ya drami (ngoma ya gurudumu). Kanyagio lako halina mawasiliano ya moja kwa moja na breki hizo. Kwenye kila mlima jiulize kwanza: trela inasukuma au inavuta?

1. Kabla ya safari, vuta handbreki ya trela kisha sukuma kichwa cha kiungio kiingie ndani. Kinapaswa kukaza, halafu kirudi chenyewe polepole. Kikiingia kirahisi, au kikabaki ndani, shokamzoba la kiungio limekufa. Utasikia kishindo kila ukifunga breki. Funga pia waya wa usalama, ule unaovuta handbreki ya trela ikichomoka kwenye gari.

2. Unapopanda, trela inavuta, kwa hiyo haijifungi breki hata ukisimama. Breki za gari hubeba uzito wote. Shikilia kwa handbreki ya gari, si kwa klachi.

3. Unaposhuka, weka gia ndogo ukiwa bado juu. Injini ikizuia gari, trela husukuma na shuu zake husugua njia nzima. Ndiyo maana mwendo mdogo tangu mwanzo ni lazima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali tambarare, weka kabari, acha drami zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, zinaweza kupasuka.

4. Kurudi nyuma ukipanda ndiko kunakosumbua wengi. Gari linasukuma trela, fimbo inaingia, breki inafunga. Kwenye breki za kisasa, gurudumu likianza kuzunguka kinyume, shuu moja hulegezwa na wenzo wake na gurudumu huachiwa. Anza taratibu: utahisi ukinzani kidogo, kisha trela italegea. Trela za zamani zina kizuizi cha fimbo unachokiweka kwa mkono; kitoe kabla ya kwenda mbele, la sivyo huna breki.

Magurudumu yakigoma kabisa, mara nyingi mtu amekaza kebo ili kufidia shuu zilizolika. Fanya hivi: weka kabari gurudumu la upande wa pili, achia handbreki, inua kwa jeki na uweke stendi, kisha legeza kebo kabisa. Zungusha gurudumu kuelekea mbele tu huku ukikaza rekebisho la shuu hadi gurudumu likwame, kisha rudisha rekebisho kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Rudia upande wa pili. Kebo ni ya mwisho: ondoa ulegevu tu, usiivute.

5. Kurudi nyuma ukishuka, trela inavuta kuelekea bondeni na breki zake hazisaidii chochote. Tumia gia ya rivasi na breki za gari, mwendo wa mtu anayetembea.

6. Kuegesha trela ikitazama juu: vuta handbreki yake hadi mwisho kabisa. Ule wenzo wa hatua ya 4 hulegea hapa pia, hivyo trela inaweza kurudi nyuma kiasi cha sentimita 25 kabla springi ya handbreki haijaikamata. Iache itulie ikiwa bado imeungwa na gari, weka kabari nyuma ya magurudumu, ndipo uitenganishe na gari.