Kusanifu Jengo la Fleti Tanga: Tangulia na Upepo

Mwenye kiwanja Raskazone au Chumbageni anapomwendea msanifu, swali lake la kwanza huwa ni fleti ngapi zitaenea. Swali hilo lisubiri, litangulie la upepo. Kwani kusi huvuma katikati ya mwaka, na kaskazi hushika zamu kuanzia Desemba hadi Machi, na fleti isiyopokea hata mmoja kati ya pepo hizo hugeuka tanuri.

Jengo lilazwe kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zikabili kaskazini na kusini, na kila fleti ipate madirisha pande zote mbili ili upepo uingiao sebuleni utokee jikoni. Mpango wa korido ya katikati yenye milango inayotazamana, ambao wawekezaji huupenda kwa kuwa hubana fleti nyingi, ndio unaouzuia upepo huo. Mimi naona afadhali ngazi moja ihudumie fleti mbili tu kwa kila ghorofa, hata idadi ikipungua.

Mlazo huo hufaa pia kwa jua. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua huinamia kaskazini kwa nyuzi 28 na nusu hivi, na ya mwishoni mwa Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 18. Kwa hesabu hiyo, dirisha la kimo cha mita 1.5 huhitaji kivuli cha zege kinachotokeza sentimita 80 upande wa kaskazini, na sentimita 50 tu upande wa kusini. Ukuta wa magharibi hauna dawa hiyo, maana jua la alasiri huja likiwa chini. Huko ziwekwe ngazi, stoo na vyoo.

Kisha chumvi. Hewa ya bahari hupenya zege taratibu hadi kwenye nondo, nazo zikishika kutu hutanuka na kulibandua zege, roshani zikitangulia. Mchoro utaje unene wa zege linalofunika nondo, milimita 40 hadi 50 kwa sehemu za nje, na kabla ya kumwaga zege ukague mwenyewe kama nondo zimeinuliwa kwa vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa.

Vidato vya ngazi vilingane vyote, kimo kisizidi milimita 175.

Tangi la juu ya paa lijulikane mapema. Fleti 12 zenye watu watano watano, kwa lita 100 kwa mtu, hutumia lita 6,000 kwa siku. Akiba ya siku mbili ni tani 12 za maji, mzigo ambao mhandisi hawezi kuuongeza nguzo zikiwa zimekwisha kusimama.

Iwapo fleti zitauzwa mojamoja chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, michoro ionyeshe bayana mpaka wa kila fleti na maeneo ya wote, na kila fleti iwe na mita yake ya maji, inayosomeka kutoka nje.