SOMO: Makaburi na mahekalu ya Luxor, Misri, kwa siku moja, bila kuunguza tiketi yako

Wakuu, naandika hii mara moja, akija mtu inboksi namtupia linki tu. Swali ni lile lile kila wiki, "Luxor siku moja inatosha?" Inatosha kuona vya maana, kuona vyote haitoshi. Na piramidi hazipo Luxor, zipo Giza huko pembeni ya Cairo, ukitoka huko kwa treni unalala njiani. Twende.

1. Fika jioni, lala Luxor. Usije na ndege ya asubuhi ukategemea kuwahi.

2. Nenda Novemba mpaka Februari. Juni hadi Agosti joto linavuka digrii 40 na kule Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao, hakuna mti.

3. Muongozaji awe na kitambulisho cha wizara ya utalii. Mwandikie kabla, kwa meseji ibaki ushahidi: sitaki duka la alabasta, sitaki duka la mafunjo. Akianza kusema ni dakika kumi tu, ujue kuna kamisheni hapo, tafuta mwingine. Pia jua kwamba ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo, anakufundisha nje kivulini halafu unaingia mwenyewe, kwahiyo usije ukalalamika eti umelipia mtu anakaa kwenye benchi.

4. Anza ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, bonde linafunguliwa saa 12 asubuhi. Mabasi ya makundi makubwa hayajaja bado.

5. TIKETI. Hapa ndo wengi tunapopigwa, soma polepole. Tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme inakuingiza makaburi matatu tu, unachagua mwenyewe kati ya yaliyo wazi siku hiyo (wanabadilisha ili mengine yapumzike, angalia ubao). Kila ukiingia moja imeliwa. Sasa mtu anashuka kwenye kile kigari cha umeme, anaona foleni, anajipanga bila kujua foleni ya kaburi gani, kufika saa 2 tatu zimeisha na hajaona cha kumsimamisha. Tutankhamun, Seti wa Kwanza na Ramesses wa Sita HAWAMO kwenye hiyo tiketi, kila mmoja analipiwa peke yake, na unalipia dirishani kule getini KABLA ya kupanda kigari. Ukikumbuka ukiwa mlangoni kwa Seti utarudi na jua lako kichwani. Tena wanataka kadi ya benki, noti zako utabaki nazo mfukoni, kwahiyo hakikisha kadi yako imefunguliwa kutumika nje ya nchi, uliza benki kabla hujasafiri.

Mimi zile tatu ningezitumia hivi: Ramesses wa Tatu (tembea uangalie ushoroba unavyopinda ghafla, wachimbaji walitoboa wakatokea kaburi la mwingine ikabidi wahame pembeni waendelee), Merenptah, na Thutmose wa Tatu kama miguu inakubali. Ukiwa na hela ya ziada, ongeza Ramesses wa Sita, inua kichwa chumba cha mwisho: mungu wa kike Nut amejilaza dari zima, jioni anameza jua, linasafiri mwilini mwake, asubuhi analizaa. Tutankhamun ni kachumba kadogo, umaarufu wake ni ule wa 1922 Howard Carter alipokakuta hazina imo. Hazina yenyewe haipo tena pale, ila mwili wake bado upo.

6. Hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke, Deir el-Bahari. Fika kabla ya saa 5, mawe yanarudisha joto.

7. Medinet Habu, hekalu la Ramesses wa Tatu. Watu wanaliruka, wanakosea. Michoro imechimbwa kina kweli kweli, na kuna ukuta makarani wanahesabu marundo ya mikono iliyokatwa ya maadui. Rangi za dari bado zipo.

8. Masanamu ya Memnon, barabarani, bure, dakika kumi.

9. Kula, lala.

10. Alasiri hekalu la Karnak, nguzo 134 kwenye ukumbi mmoja. Hekalu la Luxor liache usiku, lina taa.

MASWALI

Kibopa_Mbeya: Mkuu kwa siku hiyo hiyo naweza kupitia piramidi jioni?

Mwandishi: Aya ya kwanza.

Kibopa_Mbeya: Si ungejibu tu

Mwandishi: Nimejibu kabla hujauliza.

Bi Shamim: Asante kwa somo. Nampeleka mama, magoti yanamsumbua. Makaburi gani ataweza?

Mwandishi: Shikamoo yake mama. Mpeleke Ramesses wa Nne, lipo karibu na mwingilio, njia pana na mteremko wa taratibu, tena ukutani kuna maandishi na michoro ya Wakristo wa Kikopti waliokuja karne nyingi baadaye. Thutmose wa Tatu usithubutu, unapanda ngazi za chuma mpaka juu kwenye mwamba halafu unashuka tena ndani. Seti pia ngazi ni nyingi.

mchuuzi255: Naona unampigia debe muongozaji wako, sema tu unapata ngapi

Mwandishi: Nionyeshe jina la mtu au kampuni niliyotaja. Nasubiri.

Juma wa Lamu: Nimesikia kwa Hatshepsut kuna safari ya meli za kuja huku kwetu Afrika Mashariki, kweli?

Mwandishi: Swali zuri hili. Ni safari ya nchi ya Punt, imechongwa baraza la kati upande wa kushoto ukilitazama hekalu. Wataalamu wengi wanaiweka pwani ya Eritrea, Sudan, Ethiopia mpaka Somalia, kwahiyo Lamu tusijivutie sana. Utaona nyumba juu ya miti zenye ngazi, nyani wanapanda melini, na miche ya ubani imebebwa na mizizi yake kwenye vikapu. Chini ya meli kuna samaki, angalia vizuri, ni wa bahari ya Shamu, aliyechora aliwaona au alielezwa na mvuvi. Yule malkia mnene wa Punt ni nakala, jiwe halisi lipo makumbusho ya Cairo.

Bi Shamim: Na sala je, tukiwa Hekalu la Luxor usiku?

Mwandishi: Msikiti upo juu ya hekalu hilo hilo, wa Abu Haggag, unatumika mpaka leo.

Juma wa Lamu: Nyongeza: walinzi makaburini wakikuita "njoo pembeni upige picha" wanataka bakshishi. Usipotaka kutoa usimfuate. Simu ruhusa, flashi hapana.

Mwandishi: Sahihi. Nami nyongeza: ukibaki na saa moja pita Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba hayo makaburi. Mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu walicheleweshewa posho ya nafaka wakaweka zana chini, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu. Ndiyo mgomo wa zamani kabisa tunaoujua kwa maandishi.

mchuuzi255: Walilipwa?

Mwandishi: Walilipwa, ikachelewa tena, wakagoma tena.

Kibopa_Mbeya: Tiketi unalipia keshi au kadi?

Mwandishi: Namba 5, Kibopa. NAMBA TANO.