SOMO: Jipu lililojificha ndani ya nyonga, namna ya kulitambua na kulitibu

Jipu la pajani unaliona linavimba, linaiva, linatumbuliwa. La ndani ya nyonga hukaa kimya kati ya kibofu na puru (mwisho wa utumbo mpana), na mgonjwa huzungushwa kwa majina mengine. Niliwahi kumpokea baba mmoja mwenye kisukari, katibiwa amiba wiki mbili kwa sababu alikuwa akienda chooni kila saa na kutoa kamasi tu. Alipokaa kwenye kiti alikalia kalio moja. Mkao ule ndio ulionishtua.

Hatua ya 1: Sikiliza. Homa ya kupanda na kushuka, baridi, maumivu chini ya kitovu, haja kubwa isiyoisha hamu, kukojoa mara kwa mara. Kisha uliza kilichotangulia: kidole tumbo, upasuaji wa uzazi, mimba iliyoharibika, maambukizi ya mirija ya uzazi, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), kisukari.

Hatua ya 2: Kidole. Hapa ndipo wengi tunakosea, kwa aibu au haraka. Mweleze mgonjwa, omba ridhaa, vaa glovu, pima njia ya haja kubwa. Kwa yule baba, juu kabisa ukutani niligusa uvimbe wa moto, unaobonyea kama embe lililoiva mno, naye akaruka kwa maumivu. Kwa nje ngozi ilikuwa safi kabisa. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na kingemwokolea wiki mbili.

Hatua ya 3: Vipimo. Picha kamili ya damu, sukari, figo, na kuotesha damu maabara kutafuta bakteria. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe ujauzito kwanza, maana mimba iliyotunga nje huuma vilevile. Ultrasaundi huonyesha vizuri majipu ya mirija na ovari. Picha ya CT huonyesha chanzo cha tumboni. Picha ya MRI ndiyo bora pakishukiwa fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kati ya njia ya haja kubwa na ngozi.

Hatua ya 4: Dawa za mshipani mapema. Ziue bakteria wa utumbo pamoja na wale wasiohitaji hewa, kwa mfano seftriaksoni na metronidazoli. Chanzo kikiwa mirija ya uzazi, ongeza doksisaiklini. Shinikizo la damu likishuka, usisubiri picha ndipo uanze.

Hatua ya 5: Toa usaha, lakini jua umetoka wapi. Jipu la juu ya misuli ya sakafu ya nyonga lililopanda kutoka katikati ya misuli inayobana haja kubwa hutolewa kupitia ndani ya puru. Lililopanda kutoka kwenye mafuta ya pembeni ya njia ya haja kubwa hutolewa kupitia ngozi. Ukigeuza njia hizo, unamwachia mgonjwa fistula ngumu kutibika. Lililoshuka kutoka tumboni mara nyingi hutolewa kwa sindano na mpira wa kumwaga usaha, ukiongozwa na picha, na chanzo chake nacho kitibiwe. Mpira hutolewa homa ikiisha na usaha ukipungua hadi mililita 10 au 20 kwa siku.

MASWALI YA WANACHAMA

*Daktari, mke wangu ana jipu la sentimita 5 kwenye mrija. Lazima apasuliwe?*
Si lazima, ndugu yangu. Mengi ya ukubwa huo hupona kwa dawa, ila alazwe. Asipopata nafuu ndani ya saa 48 hadi 72, litolewe usaha. Likipasuka ndani, ni upasuaji wa dharura.

*Langu la njia ya haja kubwa limetumbuliwa mara tatu, linarudi palepale. Nina kosa gani?*
Huna kosa, pole sana. Jipu linalorudi palepale mara nyingi lina fistula chini yake. Omba MRI na umwone daktari wa upasuaji kabla ya kutumbuliwa mara ya nne.

*Naweza kukalia maji ya uvuguvugu na kumeza dawa za dukani kwanza?*
Maji hupunguza maumivu tu, usaha unabaki. Tena ukiona ngozi ya sehemu za siri inageuka nyeusi, inanuka, au maumivu yanazidi uvimbe unaoonekana, nenda hospitali usiku huohuo.